Jina la Mji Lisitangulie Mji Wenyewe

Kila palipo na gati jipya hapakosi maneno ya mji mpya. Tangu lilipowekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, mwezi Septemba 2023, mazungumzo ya vibarazani yamekuwa ni yale yale: lini Masoko itaacha kuitwa mji mdogo na kuitwa mji, na baada ya mji, lini itakuwa manispaa kama Lindi. Sisi hatuyapingi matumaini hayo. Mtu aliyezaliwa katika pwani iliyopata kuwa na mji uliopiga sarafu zake wenyewe halaumiwi akitamani kuuona mji tena. Bali tungependa, kabla ya vigelegele, tukae kitako tuulizane: mji hufanywa na nini? Na anayeutawala mji mkubwa ni nani, kwa haki gani, na kwa fedha ya nani?

Tuanze na sheria, kwani wengi wetu huyasikia majina haya bila ya kujua yaliyomo ndani yake. Sheria ya Serikali za Mitaa kwa mamlaka za miji, Namba 8 ya mwaka 1982, inatambua ngazi tatu: halmashauri ya mji, halmashauri ya manispaa na halmashauri ya jiji. Chini ya hizo, ndani ya halmashauri ya wilaya, ipo mamlaka ya mji mdogo, ambayo katika baraza lake hukaa wenyeviti wa vitongoji. Halmashauri ya jiji au ya manispaa si jengo, wala si kundi la watumishi. Kisheria ni mtu: ina mhuri wake, yaweza kumiliki ardhi na mali, yaweza kushitaki na kushitakiwa. Mfano huo tuliurithi kwa Mwingereza, ambaye mwaka 1835 alipitisha sheria ya kuvivunja vikundi vya watu wachache waliokuwa wakichaguana wao kwa wao katika miji yake, akaweka mahali pao mabaraza yaliyochaguliwa na walipa kodi.

Utaratibu wetu ni huu. Kila kata huchagua diwani mmoja, na uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka 5. Wapo pia madiwani wanawake wa viti maalumu, wasiopungua theluthi moja, pamoja na wabunge wa majimbo yaliyomo katika eneo hilo. Hao wote ndio baraza. Madiwani humchagua meya miongoni mwao. Katika halmashauri ya wilaya au ya mji humchagua mwenyekiti. Kazi hugawanywa kwa kamati: ipo ya fedha na utawala, ipo inayoshughulikia uchumi, elimu na afya, na ipo ya mipango miji na mazingira. Mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu na katibu wa baraza, hachaguliwi na wananchi wala na madiwani. Huteuliwa na Rais. Kwa hiyo ndani ya ukumbi mmoja hukaa mamlaka mbili, moja imetokana na kura na nyingine imetokana na barua ya uteuzi. Zikisikilizana, mji husafishika. Zikivutana, taka hungoja.

Wala asituambie mtu kwamba habari ya baraza ni ngeni katika pwani hii. Wareno walipofika Barawa, kaskazini ya mwambao, waliukuta mji usiokuwa na mfalme, unaoendeshwa na baraza la wazee. Kilwa yetu ilikuwa na masultani, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta al-Hasan bin Sulaiman akitawala. Lakini hata hapa utawala haukuwa wa mtu mmoja peke yake siku zote. Walikuwapo mawaziri na maamiri, na Mreno alipouvamia mji mwaka 1505 aliyekuwa ameshika hatamu ni Amiri Ibrahim.

Magofu yenyewe yana fundisho, na ndugu zetu wa Kisiwani wanaopita hapo kila siku wanalijua kuliko sisi. Husuni Kubwa, jumba la kifalme la zama za huyo al-Hasan bin Sulaiman, lina vyumba vingi kuliko tuwezavyo kuvihesabu kwa mwendo wa haraka. Wataalamu waliolichimbua walibaini kwamba halikumalizika kujengwa, na halikukaliwa muda mrefu. Msikiti Mkuu, kwa upande wake, ulianza mdogo, ukapanuliwa, ukabomoka, ukajengwa tena, kizazi baada ya kizazi kwa muda wa karne kadhaa. Jumba lilikuwa la mmoja, na yeye alipoondoka likaondoka naye. Msikiti ulikuwa wa wote, na wote waliutengeneza. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa, kupitia UNESCO, uliyaandika magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Nasi tunaongeza kwamba yaandikwe pia katika orodha ya mafunzo ya utawala.

Tukumbuke vilevile kwamba Kilwa imehama mara mbili. Kutoka Kisiwani heshima ya mji ilihamia Kivinje, bandari ya misafara ya karne ya 19, ambako Mjerumani alijenga boma lake, na ambako mwaka 1895 alimnyonga Hassan bin Omari Makunganya. Kutoka Kivinje, makao ya wilaya yakahamia Masoko. Lindi nayo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini mpaka Mtwara ilipoichukua nafasi hiyo katika miaka ya 1950, na ilisubiri mpaka mwaka 1971 ndipo ikawa makao ya mkoa wake yenyewe. Wenye maduka, wenye majahazi na wenye nyumba waliamka siku moja wakaambiwa mji wao umeondoka. Hiyo ndiyo hali ya mji usiokuwa na sauti yake: huinuliwa na kushushwa kwa kalamu ya mtu aliye mbali.

Mjerumani alitawala kwa maliwali na maakida. Mwingereza, mwaka 1926, akaleta mamlaka za wenyeji kwa sura ya utawala wa machifu. Katika miji alikwenda polepole zaidi. Dar es Salaam ilipata baraza la manispaa mwaka 1949, na haikupata meya Mwafrika mpaka mwaka 1960, alipochaguliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyeheshimiwa pwani yote. Mwaka uliofuata, mwaka wa Uhuru, Dar es Salaam ikawa jiji.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo sisi tuliolelewa ndani ya Chama tunapaswa kulisema kabla hajalisema mwingine. Mwaka 1972 Serikali, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ilianzisha mpango ulioitwa wa madaraka mikoani. Jina lilikuwa zuri. Lakini katika kuyapeleka madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na muda si mrefu baadaye za miji zikafuata. Madaraka yalishuka kutoka kwa ofisa wa Dar es Salaam yakamfikia ofisa wa mkoa. Kwa mwananchi hayakufika. Miji ikawekwa chini ya wakubwa ambao jicho lao, kwa haki kabisa, lilikuwa vijijini. Mifereji ikaziba, magari ya taka yakasimama, visima na vyoo vya umma vikakosa mwenyewe. Kipindupindu kilipoingia nchini katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1970, kiliikuta miji haina wa kuitetea. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za Serikali za Mitaa tunazozitumia hadi leo pamoja na marekebisho yake, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi. Mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu Nyerere alikiri katika mahojiano kwamba, kama angeanza upya, asingezifuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Kiongozi mkubwa alikubali kosa hadharani. Sisi wadogo tuna udhuru gani wa kulisahau?

Hata hivyo, haki haikai upande mmoja tu. Halmashauri zilizorudi hazikuwa malaika. Mwaka 1996 hali ya Dar es Salaam ilikuwa imefika mahali pabaya kwa taka, barabara na hesabu za fedha, hata Serikali ikalivunja baraza la madiwani na kuweka Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. Tume ilifanya kazi, na wakazi wengi waliiona kazi hiyo kwa macho yao. Mwaka 2000 mabaraza yakarudi kwa sura mpya: manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake halmashauri ya jiji ya kuziunganisha. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja ile halmashauri ya juu, hoja ikiwa ni gharama na mwingiliano wa kazi, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam.

Majirani zetu wamepita njia hiyo hiyo. Serikali ya Kenya ililisimamisha baraza la Jiji la Nairobi mwaka 1983 na kuweka tume, iliyokaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990; tangu mwaka 2013 Nairobi ni kaunti yenye gavana na bunge lake la kuchaguliwa. Kampala, kwa sheria ya mwaka 2010, ilipewa Meya Mkuu wa kuchaguliwa na wakazi na Mkurugenzi Mtendaji wa kuteuliwa na Rais. Mamlaka hizo mbili zilivutana mpaka Novemba 2013 Meya Erias Lukwago alipopigiwa kura ya kuondolewa. Wakazi wakamrudisha kwa kura zao mwaka 2016. Hata London, iliko asili ya sheria zetu, Serikali ya Margaret Thatcher ililifuta baraza kuu la jiji mwaka 1986. Kwa miaka 14 halmashauri 32 za London, pamoja na lile Jiji la kale la katikati, zilikaa bila ya chombo kimoja cha kuchaguliwa cha kulisemea jiji zima. Mwaka 2000 wakazi walipopewa nafasi ya kumchagua meya wao, walimchagua Ken Livingstone, yule yule aliyekuwa kiongozi wa baraza lililofutwa.

Tunaona nini katika habari zote hizi? Tunaona kwamba Serikali Kuu huchoshwa na mabaraza, na mara nyingine huwa na sababu. Tunaona pia kwamba kila lilipofutwa baraza, ilibidi lirudishwe. Wapo wanaosema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, na watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa methali hiyo. Lakini diwani si nahodha wa pili. Nahodha ni mmoja, naye ni mkurugenzi. Madiwani wapo kuwasemea abiria: chombo kinakwenda wapi, nauli ni kiasi gani, na maji yanayoingia ngamani yatakumbwa na nani. Chombo chenye nahodha hodari na abiria walionyamazishwa kinaweza kwenda kasi sana mpaka mahali ambapo hakuna abiria aliyetaka kwenda. Na tume ikiharibu, mkazi atamwondoa nani?

Tupo tuliopata kuhudhuria mkutano wa wananchi katika mji mmoja wa pwani hii, ambao hatuutaji. Mama mmoja muuza samaki alisimama, akajifunga vizuri kanga yake, akamwambia diwani: "Mwanangu, ushuru ninautoa kila alfajiri, na risiti ninazo. Barabara ya sokoni haipitiki, bomba halitoi maji, na mwanga hakuna. Wewe kazi yako ni ipi?" Watu walicheka. Diwani hakucheka. Alijibu kwa adabu kwamba barabara ni ya wakala, maji ni ya mamlaka nyingine, na umeme ni wa shirika. "Basi tuliyekuchagua wewe," akasema yule mama, "tumekuchagulia nini?"

Swali hilo hatujalisahau, kwa sababu jibu la diwani lilikuwa la kweli. Barabara za miji na vijiji ziliondolewa katika halmashauri mwaka 2017 na kupewa wakala, TARURA. Maji ya vijijini yakapata wakala wake, RUWASA, kwa sheria ya mwaka 2019. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na watu walifurahi, kwani ilikuwa ikikusanywa kwa kukimbizana. Lakini pengo lake lilizibwa kwa ruzuku kutoka juu. Kodi ya majengo, ambayo duniani kote ndiyo uti wa mgongo wa fedha za miji, mwaka 2016 ukusanyaji wake ulitolewa katika halmashauri na kupewa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 ukawekwa utaratibu wa kuikata katika ununuzi wa umeme. Kila hatua ilikuwa na hoja yake: ufanisi, utaalamu, kuzuia upotevu. Hatusemi hoja hizo ni za uongo. Tunasema kwamba zikijumlishwa pamoja, humwacha diwani akiwa na kura za watu mkononi na mfuko usio na kitu. Mkono mtupu haulambwi. Mwananchi akiona baraza halina la kutoa, huacha kwenda mkutanoni. Na baraza lisiloangaliwa ndilo linaloiba. Hapo Serikali husema: mnaona, hawafai. Hivyo ndivyo mduara unavyozunguka.

Sasa turudi Masoko. Bandari ya uvuvi haitaleta samaki na barafu tu. Italeta wapangaji, mama lishe, magereji, nyumba za wageni, maji machafu, na watu watakaotaka viwanja karibu na ufuko. Italazimu kuamuliwa mashua za Kisiwani zitie nanga wapi, ngalawa ndogo zishushe wapi, na dagaa waanikwe wapi. Hayo ni mambo ya mipango miji, na mipango miji ndiyo kazi hasa ya halmashauri. Yasipoamuliwa sasa na watu wanaotumia ufuko huo, yataamuliwa na mwenye kibali.

Lipo na jambo la pili, ambalo wanaoshangilia jina la mji hawalitaji. Siku Masoko itakapotengwa kuwa halmashauri yake, mfuko utagawanywa. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004, imo katika wilaya ya Kilwa, na ushuru wa huduma unaotokana na biashara hiyo ni wa wilaya nzima. Je, Songosongo itakuwa upande wa mji au upande wa wilaya? Kisiwani itahesabiwa kuwa mtaa wa mjini au kijiji kilichoachwa ng'ambo ya maji? Na ndugu zetu wa Kipatimu na Njinjo, walio bara, watabaki na nini baada ya bandari kwenda upande mmoja na gesi upande mwingine? Mgawanyo wa namna hii ukifanywa mezani bila ya kuwauliza wenyewe, tutakuwa tumeihamisha Kilwa mara ya tatu.

Kwa hiyo tunayo maombi kwa pande zote mbili, nayo si ya kushangaza.

Kwa wakuu wa Serikali tunasema: kabla ya kupandisha hadhi ya mji wowote wa mwambao huu, utangazwe kwanza mfuko wake. Wananchi waambiwe ni mapato yapi yatabaki kwao, ni kazi zipi zitakuwa zao, na ni nani watakayemwuliza. Wakala na mamlaka zinazofanya kazi ndani ya mji zifike mbele ya baraza la madiwani na kujibu, si kwa hisani bali kwa wajibu. Katika mipaka mipya, watu wa visiwa wasifanywe mkia wa kata ya bara. Wapate mtu wa kuwasemea anayejua upepo wa kusi na wa kaskazi una maana gani kwa mgonjwa anayetaka kuvuka.

Kwa madiwani tunasema: taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe penye macho ya watu, sokoni na bandarini, kwa Kiswahili na kwa tarakimu zinazosomeka. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila mwaka. Taarifa yake isiwe siri ya ukumbini. Cheo cha udiwani ni amana, na amana huulizwa duniani kabla ya kuulizwa akhera.

Kwa wananchi wenzetu, hasa wa visiwani, tunasema bila ya kuwapaka mafuta: sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Ni wangapi kati yetu huhudhuria pasipo kugawiwa kitu? Siku ya kura tunavuka maji kwa nderemo. Siku ya kusomewa hesabu tunasema bahari imechafuka. Kisha tunalalamika kwamba mambo yameamuliwa bila ya sisi.

Hadhi ya mji hutolewa na Serikali kwa tangazo la siku moja. Kuzoa taka, kulinda ufuko, kutunza kisima na kuuliza fedha imekwenda wapi ni kazi ya kila siku, nayo haingojei tangazo. Mkutano ujao wa kijiji una tarehe yake. Tuulizane leo ni lini, na tuanzie hapo.